Jumamosi Kwenye Barabara ya Wan-te

Liao Wan-te aliifanyia kazi barabara ya mlimani miaka thelathini na minne. Aliingia akiwa kijana wa kubeba mawe, akatoka akiwa msimamizi wa kikosi, na kati ya siku hizo mbili hapakubaki mtaro wala ukuta wa kuzuia udongo ambao mikono yake haikuugusa. Kila kimbunga kilipopita, yeye ndiye aliyetangulia kwenda kutazama mlima umemwaga nini usiku. Na barabara ilipopanuliwa, alirudi nyumbani na tope hadi magotini, akamwambia mkewe, Pi-yun, kwamba sasa mtu wa kijiji chao cha Shuiwei akiugua atafikishwa mjini angali anazungumza.

Barabara pana ilileta watu. Walikuja Februari kutazama miti ya micheri ikichanua maua, wakaja Julai na mahema yao kukimbia joto la mabondeni, na majira ya baridi wakaja mbio kila waliposikia kwamba juu kileleni kumeanguka theluji. Siku za kazi, kutoka Shuiwei hadi mjini ni mwendo wa dakika arobaini. Jumamosi na Jumapili magari yalifuatana pua kwa mkia kuanzia daraja la chini hadi kwenye bustani za juu, na mwanakijiji aliyeishiwa na dawa ya meno alisubiri Jumatatu. Watu walilalamika, lakini kwa sauti ya chini, maana nusu ya kijiji ilikuwa ikiwauzia wageni hao hao mahindi ya kuchoma na kuwakodishia vyumba. Wan-te naye alinyamaza. Alikuwa amestaafu, analima kabichi, na Jumamosi alikuwa hana pa kwenda.

Kisha figo za Pi-yun zikakata tamaa. Sukari ilikuwa imezitafuna polepole kwa miaka mingi, na alipotimiza sitini na tatu daktari aliwaambia kwamba tangu sasa damu yake itasafishwa kwa mashine, mara tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara. Nesi Ko, aliyepanga zamu za wagonjwa, akawapa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi asubuhi.

"Jumamosi, dada?" Wan-te aliuliza. "Sisi tunakaa Shuiwei."

"Najua, mzee wangu. Lakini Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kumejaa, hakuna hata kitanda kimoja. Nitamwandika mama kwenye orodha ya wanaosubiri."

"Na nafasi hupatikanaje?"

Nesi Ko alizipanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Mara mojamoja mtu hupata figo. Mara mojamoja mtu huhama." Akaishia hapo, na Wan-te hakumchimba zaidi.

Kushuka hakukuwa na taabu. Waliondoka kukiwa bado na ukungu, wageni wakiwa hawajafika. Taabu ilikuwa kurudi. Pi-yun alitoka kwenye mashine amesinyaa kama nguo iliyokamuliwa, kichwa kinamzunguka, anachotaka ni kulala tu. Na mlima mzima ulikuwa mbele yao umejaa magari. Wakifika mapema ilikuwa saa tisa alasiri. Siku mbaya, saa kumi na moja. Walijaribu kusubiri mjini hadi foleni ipungue, lakini kulala kwenye benchi la hospitali kulimtapisha. Binti yao, aliyefanya kazi jijini Taichung, alisema wahamie kwake. Pi-yun alimjibu kwenye simu, "Nikae ghorofa ya kumi na moja nitazame nini, mwanangu? Nguo za jirani zikikauka?"

Basi wakazoea. Wan-te aliweka godoro jembamba kwenye kiti cha abiria cha pikapu yake, kwapani mwa Pi-yun akaweka chupa ya maji ya moto, na wakapanda mguu kwa mguu nyuma ya magari yenye baiskeli juu ya paa. Pi-yun aliwatazama watu waliokuwa humo. "Yule bwana hajaongea na mkewe tangu darajani," alisema siku moja. "Naona watafika huko juu wapige picha wakiwa wamekumbatiana."

Hivyo ukapita mwaka mmoja na miezi miwili.

Jumamosi ya tatu ya Februari micheri ilichanua yote kwa pamoja. Saa saba mchana walikuwa wamekwama kilomita sita chini ya kijiji, na upande wa kushuka nao umejaa, kwa sababu waliopanda alfajiri walikuwa wanarudi. Pi-yun alikuwa amesinzia. Wan-te alisikia akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Wan-te, kiatu changu kinalowa."

Alifikiri chupa imevuja. Alipoinua blanketi aliona damu. Bandeji ya mkono wa kushoto, pale sindano ya mashine ilipoingia, ilikuwa imelegea, na mshipa ambao daktari aliuunganisha na mwingine ili uwe na nguvu ya kulisha mashine sasa ulikuwa unatoa damu kwa nguvu hiyo hiyo. Ilikuwa imeshuka kwenye sketi, imejaza sakafu.

Walikwisha fundishwa la kufanya. Wan-te aliweka kidole gumba juu ya tundu, akakandamiza, akaweka na cha pili juu yake. Damu ikapungua, lakini kila alipolegeza kidogo ilirudi. Simu ilikuwa mfukoni na mikono yote miwili ilikuwa kazini. Na hata angepiga, gari la wagonjwa lingepita wapi?

Magari ya mbele yakasogea. Nyuma yake honi moja ikalia, kisha nyingine, kisha zikalia nyingi bila kukoma. Halafu mtu akagonga kioo.

"Mzee, vipi? Wenzako wameshaondoka, wewe unaota?" Alikuwa bwana wa miaka arobaini hivi, amevaa kofia ya wapanda milima, uso umemwiva kwa hasira.

Wan-te hakugeuka. "Unaweza kuendesha gari la gia?"

"Unasema nini?"

"Gari la gia. Unaweza?"

Yule bwana akachungulia ndani. Hasira ilimtoka usoni mara moja, na rangi ikatoka nayo. Akafungua mlango. "Naweza. Niliendesha jeshini. Mungu wangu, mzee, ni nini hiki?"

"Ingia. Mimi nitasogea kwa mke wangu. Mkono huu siwezi kuuacha."

Bwana yule alimpigia simu mkewe aliyekuwa gari la nyuma. "Endesha wewe. Ndiyo, wewe. Kuna mama anatokwa na damu, nitakueleza." Akakaa kwenye usukani. "Naitwa Hsueh. Tunakwenda wapi? Huku hakupitiki, kule hakupitiki."

"Mbele yako kuna kibanda cha mahindi. Pita ukingoni, ukifika nyuma yake kata kulia."

"Kulia ni msitu."

"Kata tu."

Nyuma ya kibanda palikuwa na barabara ya zamani, iliyoachwa tangu mlima ulipoporomoka kwa tetemeko. Ilishuka kando ya mto hadi mjini, nyembamba, imemezwa na nyasi na mianzi. Mdomoni pake palikuwa na mnyororo na kibao cha kukataza. Hsueh akasimama.

"Haukufungwa kwa kufuli," Wan-te alisema. "Niliuzungusha mwenyewe. Ufungue."

Wakashuka. Matawi yaliparuza milango, mawe yaligonga chini ya gari. Wan-te hakuwa anatazama barabara. Alikuwa anamtazama Pi-yun usoni. Lakini aliitaja kila kona kabla haijafika, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake.

"Sasa shika kulia, ubanane na ukuta. Kushoto chini pana shimo, lami imebaki kama ganda tu."

"Mzee, gari halitapita."

"Litapita. Nilipapima."

Hsueh alikuwa anatokwa na jasho hadi kwenye nyusi. Tairi la nyuma liliteleza, likakamata, likapita. Pi-yun alifungua macho. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Huyu ni nani?" aliuliza.

"Mtu wa foleni," Wan-te alisema.

"Mwacheni baba wa watu akatazame maua yake."

"Nyamaza, Pi-yun. Usimalize pumzi."

"Nikinyamaza utadhani nimekufa."

Dakika ishirini na nane baadaye walikuwa mlangoni pa hospitali. Manesi walipojaribu kuviondoa vidole vya Wan-te, vilikuwa vimekakamaa, ikabidi wavikunjue kimoja kimoja.

Pi-yun alishonwa, akaongezwa damu, akalazwa siku tano. Alasiri ile Hsueh alikaa na Wan-te kwenye benchi la korido, damu ya Pi-yun imekauka kwenye suruali yake ya kupandia milima.

"Nilipiga honi," alisema. "Mimi ndiye niliyeanza."

"Hukujua."

"Nilikuwa nimekasirika kwa sababu tungechelewa mwanga mzuri wa kupigia picha."

"Nenda kamtafute mkeo," Wan-te alimwambia. "Maua mwaka huu ni mazuri kweli. Yatakaa wiki moja tu." Hsueh akasimama, akainama mbele yake kwa muda mrefu, akaenda.

Jumamosi iliyofuata Pi-yun aligoma kutoka nyumbani. "Nikifa nife kitandani mwangu," alisema. "Siwezi kufia nyuma ya gari lenye baiskeli." Wan-te hakuwa na nguvu za kumlazimisha. Jumapili miguu ilimvimba na pumzi ikawa fupi. Jumatatu ilibidi akimbizwe hospitalini, ambako Nesi Ko alimkemea hadi mwenyewe akatokwa na machozi. Baada ya hapo walirudi kwenye Jumamosi zao. Wan-te alimfunga mkono kwa bandeji mbili, na njia nzima alikuwa akiugusa kila gari liliposimama. Hakulala vizuri usiku wa Ijumaa hata mmoja, na Pi-yun alijua, akajifanya hajui.

Mwezi wa sita Nesi Ko akapiga simu. "Mzee, nafasi ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa imepatikana. Mtaanza wiki ijayo."

Wan-te alikuwa jikoni, simu ikiwa kwa sauti ya wazi. "Kuna mtu amepata figo?"

"Hapana, mzee wangu."

Pi-yun alikuwa anamenya kitunguu saumu. Aliweka kisu chini. Walikuwa wameiombea nafasi hiyo mbele ya picha za wazee wao kila asubuhi, na hakuna hata mmoja wao aliyesema kwa sauti ni nini hasa walichokuwa wakikiomba.

Wagonjwa wa Jumatatu ndio waliowaambia. Kitanda kilikuwa cha mama mmoja anayeitwa Tseng, fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ya soko, aliyelala hapo miaka tisa. Mto wake bado ulikuwa na foronya yake mwenyewe aliyoishona. Pi-yun hakuulalia. Saa zote nne alilaza kichwa pembeni.

Jumatano, baada ya mashine, alisema, "Nipeleke kwake."

"Umechoka. Na wale hawatujui."

"Nipeleke hivyo hivyo."

Duka la cherehani lilikuwa limeshushwa mlango nusu. Ndani palikuwa na picha ya marehemu, matunda, na mwanawe, mtu mzima mwenye kipara na kitambaa cheusi begani. Aliwawashia udi. Walipomaliza kuinama aliwauliza kwa upole walimfahamu vipi mama.

Wan-te alikuwa ameandaa uongo njiani, kwamba walishonewa nguo, lakini Pi-yun alimtangulia.

"Hatukumfahamu," alisema. "Mimi ndiye nimepewa kitanda chake."

Yule mwana akautazama mkono wa kushoto wa Pi-yun wenye bandeji, mahali pale pale, kama wa mama yake. Wan-te alikuwa tayari kufukuzwa.

"Kile cha chini ya kiyoyozi?" mwana aliuliza.

"Hicho hicho."

"Pana baridi pale. Alilalamika miaka tisa." Aliingia chumba cha nyuma, akatoka na kijiblanketi cha vipande vipande vya vitambaa, kimefuliwa na kukunjwa. "Alikishona kwa ajili ya pale. Sisi hapa hatuna pa kukiweka."

Pi-yun alikipokea kwa mikono miwili. Garini alikiweka mapajani na kulia, si kwa kelele, hadi walipovuka daraja, na barabara ilikuwa tupu, ni Jumatano.

Pi-yun aliishi miaka mitatu na miezi minne baada ya hapo. Jumamosi zake alizipata zote. Asubuhi ya Jumamosi, magari yalipoanza kunguruma juu ya kijiji, Wan-te alichukua jembe na panga, wakashuka wote wawili kwenye barabara ya zamani. Maofisa wa barabara walikuwa wamekuja kuitazama mara moja, wakapiga picha, wakaahidi kuifikiria, lakini Wan-te hakuwasubiri. Alizibua mitaro, akakata mianzi, akajaza mashimo kwa mawe aliyoyachagua mojamoja. Pi-yun alikaa kwenye kigoda kivulini, mwavuli mkononi.

"Kwa nani sasa?" alimuuliza siku moja. "Sisi Jumamosi hatuendi popote."

Wan-te alinyoosha mgongo, akafuta jasho. "Kijijini bado kuna watu," alisema, akainama tena kushindilia jiwe, na Pi-yun akamwonyesha kwa ncha ya mwavuli lililofuata.