Wimbo wa Ufunguo

Mume wangu alifia mgodini Geita, mwamba ulipomwangukia chini huko walikochimba dhahabu. Asubuhi baada ya maziko, karani wa nyumba za kambi alikuja kunipa pole. Alivua kofia, akakaa kwenye kigoda, akainamisha kichwa kama watu wengine. Jioni alirudi, kofia ikiwa kichwani, akataka ufunguo. Alisema kuna mfanyakazi mpya anasubiri nyumba. Hata matanga hatujaanua.

Kaka yangu alikuwa amekuja na baiskeli kutoka kwetu Didia, tayari kunirudisha.

"Mjane hakai peke yake machimboni," aliniambia.

"Basi wataniona mimi nikikaa," nikamjibu.

Akafunga mzigo wake na kwenda zake. Nikapanga chumba nje ya uzio wa kambi, nikawa nakaanga maandazi ya kuuza.

Jirani yangu pale alikuwa fundi cherehani, mtu wa Tabora aliyemfahamu marehemu, kwa hiyo aliniita shemeji. Mchana alishona kaptula za wachimbaji. Jumapili alasiri aliongoza bendi ndogo iliyopiga dansi kwenye ukumbi wa kambi. Alinisikia nikiimba huku nakanda unga, akaniomba nijaribu kuimba nao. Nilijaribu, nikabaki.

Nyimbo zetu zote tulizitoa kwenye santuri za rumba. Maneno yake yalikuwa ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeijua. Niliyakariri kama kasuku, watu wakacheza, wakashangilia. Lakini nikirudi chumbani nilijiuliza: nimeimba nini leo? Huenda nimemsifu mtu nisiyemjua. Huenda nimejitukana mwenyewe.

Wimbo wangu ulikuja nikiwa mtoni nafua. Ulianza kwa Kisukuma, kama nilivyokuwa nikimlilia marehemu, kisha nikaugeuza Kiswahili makusudi, ili karani, ambaye hakuwa mtu wa kwetu, asije akasingizia kwamba hakuelewa. Niliurudia huku napiga nguo kwenye jiwe mpaka ukakaa sawa mdomoni:

*Asubuhi mwanipa pole,*
*jioni mwataka ufunguo.*
*Udongo haujakauka,*
*mwenzenu nilale wapi?*

Tulipokutana kufanya mazoezi kwa fundi, nikawaambia nina wimbo. Wakacheka kidogo, kwa wema tu. Nikauimba nikiwa nimesimama kando ya cherehani. Nilipomaliza hakucheka mtu.

"Shemeji, ni mzuri," fundi akasema taratibu. "Lakini watu wanakuja kucheza, hawaji msibani. Tuubadilishe kidogo. Badala ya ufunguo, tuseme mapenzi. Jioni mwataka mapenzi. Hapo watacheza."

"Mimi sikuombwa mapenzi. Niliombwa ufunguo."

"Ukumbi ule ni wa kambi. Unataka watufungie?"

"Ukibadilisha neno hilo, tafuta mwingine wa kukuimbia."

Mpiga ngoma wetu, Mzinza aliyeacha uvuvi ziwani kule Nkome akaja kutafuta kazi mgodini, alikuwa akitusikiliza tukibishana. Sasa akaivuta ngoma katikati ya magoti.

"Imba tena, ila kaza mwendo," akaniambia. "Kama watu wanaopiga makasia mawingu yakiwa meusi."

Nikaimba. Akanifuata kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, na ule wimbo wa kilio ukainuka ukawa kitu cha kuchezeka, bila kupoteza neno hata moja. Fundi alitikisa kichwa, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutafuta nyuzi za gitaa lake.

Jumapili iliyofuata ukumbi ulijaa. Karani alikuwa amekaa mbele na mkewe. Tulipiga rumba zetu tulizozoea, halafu nikamtazama mpiga ngoma, naye akaanza bila kumsubiri kiongozi. Watu waliingia kucheza kabla hawajasikia maneno. Nilipofika kwenye ufunguo, miguu ikaanza kupungua. Kwenye ubeti wa pili walikuwa wameacha kucheza kabisa. Gitaa likanyamaza; fundi alikuwa ameondoa mkono kwenye nyuzi, anatazama sakafu. Ngoma haikunyamaza. Wanawake waliouza karanga mlangoni wakaanza kuniitikia, *nilale wapi, nilale wapi*, na mimi nikaimba mpaka mwisho, macho yangu yakiwa kwa karani.

Akainuka, akanijia.

"Imba kitu kingine."

"Huu ndio ninaoimba leo."

"Huu ukumbi ni wa kampuni, mama."

"Ukumbi ni wa kampuni. Wimbo ni wangu."

Kesho yake tuliambiwa tusikanyage tena pale. Fundi alinikasirikia, akapitisha siku nyingi bila kunisalimu, ingawa ukuta wetu ulikuwa mmoja. Sikumwomba radhi, na mpaka leo sioni kosa langu. Karani aliendelea kuchukua funguo; wimbo haukubadilisha sheria ya kambi. Ila mjane aliyefuata alipoambiwa atoke, wanawake walijaa nyumbani kwake, wakakaa chini, wakamwimbia karani wimbo ule pale mlangoni mpaka akaondoka. Matanga ya mwanamke yule yaliisha akiwa ndani ya nyumba yake.

Watu ndio waliomrudisha fundi. Walikuja kushonesha nguo, wakamuuliza bendi itapiga wapi. Mwishowe akagonga mlango wangu na kusema mwenye kilabu cha pombe ametupa uwanja wake.

"Na watu wanautaka ule wimbo," akaongeza, bila kunitazama usoni.

"Nitaimba. Lakini kwanza unifundishe gitaa."

"Gitaa? Wewe? Shemeji, mwanamke mwenye gitaa watu watasema nini?"

"Watasema wanavyotaka. Siku nyingine ukinyamaza katikati ya wimbo wangu, nataka niweze kuendelea mwenyewe."

Akaenda kwake kulichukua. Nilikaa kwenye gunia la unga, akanionyesha pa kuweka kidole cha kwanza, na ule uzi ukanikata.