Mikono ya Mama na Maji ya Mlimani

Kijiji kile kilikuwa na nyumba kumi na kitu tu, juu milimani kupita Adumi, na harufu yake ilikupokea kabla hujakiona: mayai viza. Maji ya moto yalitoka mwambani yakifuka mvuke. Hatua chache kando, chemchemi nyingine ilitoa maji baridi ya chumvichumvi yaliyowasha ulimi. Wagonjwa walilala kwenye vibanda vya nyasi na kupika viazi kwa kutumbukiza kikapu kwenye maji ya moto. Sijala tena kiazi kitamu kama kile, na asiniambie mtu kwamba ilikuwa njaa tu.

Tulikwenda mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa msichana wa miaka tisa, kwa sababu vidole vya mama vilikuwa vimevimba na kukakamaa. Baba alikuwa amekwisha fariki, na mama alitulisha kwa kushona nguo mjini Arua. Cherehani yake ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na sasa mkono ulikataa.

Mlinzi wa maji alikuwa bibi mmoja mfupi, mkali kama pilipili. Kabla hujavua nguo alikuuliza: una ugomvi na nani? Mwenye ugomvi hakuingia mpaka yeye na mgomvi wake wapatane pale pale, kila mmoja akichukua maji mdomoni na kuyatema chini mbele ya mwenzake.

"Mimi hapana na maneno na mutu," mama alisema, uso mkavu.

"Na shangazi je?" nikauliza.

Mdomo wangu huo! Shangazi, dada wa baba, alikuwa amesema kwenye msiba wa baba, mbele ya watu, kwamba ugali wa mama haukuiva. Mwaka mzima hawakusalimiana. Bibi alicheka mpaka akakohoa.

"Rudi, mama. Leta ye hapa."

Tuliteremka mlima hadi nyumbani, na kwa siku nne mama hakunitazama. Siku ya tano alijaribu kushona sare ya mtoto wa jirani, akashindwa hata kupitisha uzi kwenye sindano, akalia. Sijapata kuogopa kama siku ile. Kisha akapangusa macho, akajifunga kitenge, akaenda Ediofe kwa shangazi.

Walipanda pamoja, nami nyuma yao. Wakatema maji, wakaketi hadi mabegani pale maji ya moto yalipochanganyika na ya baridi, na jua halijapanda sana walikuwa wakibishana tena.

"Unga ilikuwa mbaya," mama alisema.

"Unga ilikuwa mzuri. Wewe ulikuwa na haraka."

Walicheka mpaka bibi akawakemea. Natamani hata leo kuisikia ile kelele yao.

Tulikaa wiki nzima. Vidole havikunyooka hata kimoja. Nilimkasirikia bibi yule na maji yake yanayonuka, nikaona tumedanganywa.

Tuliporudi mjini, shangazi alianza kuja kila asubuhi. Yeye alizungusha gurudumu, mama akaongoza kitambaa kwa viganja huku akimfokea, "Polepole, wifi!" Waliendelea hivyo miaka mingi, mpaka vita vya mwaka wa sabini na tisa vilipotutawanya.

Watu walipomwuliza mama kama maji yalimponya, alijibu ndiyo. Siku moja nikamwambia anadanganya, mbona vidole ni vile vile. Hakuinua macho.

"Nguo iko nashonwa ama hapana?"