Barafu Iliyoniangusha

Nikifungua kichupa cha mafuta ya karafuu, goti langu la kulia hukumbuka kabla yangu.

Siku ile nilikwenda kuteleza kwenye ukumbi wa barafu na binamu zangu, kwa viatu vya kukodi vilivyonipwaya. Nilipoletwa nyumbani, mtaa wa Ghubra, kutoka kwa daktari, goti lilikuwa limevimba kama chungwa. Mama akatia vipande vya barafu bakulini.

"Daktari kasema awekewe barafu."

Bibi alikuwa keshajipaka mafuta ya karafuu mikononi, tayari kunikanda. Akasimama kati yetu.

"Barafu? Si hiyo hiyo iliyomwangusha? Nnakwambia, haimgusi tena mjukuu wangu!"

"Mama, hiyo ni dawa," Mama akamjibu Bibi.

"Dawa gani inamuumiza mtu, kisha inarudi kumpa pole?"

Mama akachoka kubishana, akenda kusali laasiri. Goti likazidi kupwita, nikaanza kulia. Bibi alinitazama, akalitazama bakuli. Kisha akachukua vipande viwili, akavifumbata mpaka maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akavirudisha bakulini, akajifuta kwa kanga, akaniwekea gotini kiganja chake kilichopoa. Kilinukia karafuu. Kila kilipopata joto, alifumbata barafu tena, na tena, mpaka vidole vyake vikawa vigumu kukunjuka.

"Bibi, mkono haukuumi?"

"Waniuma, mwanangu," akasema, huku akichukua kipande kingine. "Lakini mie haijaniangusha."