Fundi wa Ukutani

Mtaani walimwita Shangazi Pindo, maana kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za watu wafupi walionunua ndefu. Cherehani yake ya kukanyaga ilikaa kibarazani mwa kiwanda cha soksi kilichofungwa zamani. Palikuwa na kivuli, palikuwa na mwanga wa kutunga uzi, na wateja walipajua hata kwa kufumba macho. Hapo hapo ndipo alipomlea binti wa kaka yake, yatima tangu uchanga, akimlaza kwenye kapu la vitambaa.

Huyo binti, alipokuwa mkubwa, ndiye aliyewaleta wasanii wenzake. Walikuja na ndoo za rangi na midomo iliyojaa maneno: nafasi, jamii, kuamsha, kuunganisha. Shangazi Pindo aliwatazama juu ya miwani. Watu wazima, nguvu wanazo, asubuhi nzima wamekaa duara wakiulizana rangi ya njano inawafanya wajisikie vipi! Haki yao wapewe: walizoa takataka, wakaziba paa. Lakini kabla ya kufagia walifanya kikao, na baada ya kufagia wakafanya kingine cha kujipongeza.

Kisha wakachora ukutani pale kibarazani fundi mwanamke mkubwa kama lori, na miwani yake na cherehani yake. Alikuwa yeye hasa.

"Ni heshima yako, Shangazi," binti alisema.

"Nimeona, mwanangu. Pua umeipatia."

"Ila sasa... cherehani inaziba picha. Wenzangu wanaomba uisogeze kule nyuma. Kwa muda tu."

Basi fundi akaondolewa ili fundi aonekane. Nyuma kulikuwa na giza na bomba linalovuja. Wateja waliomuulizia waliambiwa siku hizi hapa hakuna ushonaji, kuna sanaa. Ilimuuma, akameza. Mtoto ni wake. Acha apate jina kwanza, yeye kibarazani atarudi baadaye.

Siku ya ufunguzi wageni walijaa, wamevaa vizuri. Binti akashika maikrofoni.

"Jengo hili lilikuwa gofu," alisema. "Miaka yote hakuna aliyelijali. Hapakuwa na mtu hapa."

Uvumilivu ukamwisha. Shangazi Pindo alijipenyeza hadi mbele, tepu ya kupimia ingali shingoni, akasimama chini ya sura yake mwenyewe.

"Hapakuwa na mtu? Kwa hiyo wewe ulijilea mwenyewe humu?"

Wageni wakatazama picha, wakamtazama yeye, kisha wakalipuka kwa makofi. Maigizo safi kweli! Mama mmoja alifuta machozi. Bwana mmoja aliomba arudie, simu yake ilichelewa kurekodi.

Shangazi Pindo alimgeukia binti, akamwona akifungua mdomo. Alingoja awaambie kwamba hayo si maigizo. Binti aliwatazama wageni walivyofurahi, akaufunga mdomo. Kisha akamshika shangazi yake mkono, akawainamia wageni kama mwigizaji aliyemaliza kazi.