Funda la Kwanza la Shangazi

Shangazi yangu anauza pombe ya ndizi kijijini Ntobeye. Mwaka niliomaliza chuo, jirani yake alifungua kilabu chenye viti vya plastiki na redio kubwa, na wateja wakaanza kuhamia huko. Mimi niliyesomea masoko nikajipa kazi ya kumwokoa. Nilimshawishi aijaze pombe kwenye chupa, kisha nikabandika lebo zenye jina lake.

Siku ya kwanza mzee mmoja, mteja wake wa miaka mingi, aliigeuzageuza chupa mkononi.

"Shikamoo, babu. Kuna tatizo?"

"Marahaba. Nani ameionja?"

"Imefungwa, babu. Ni safi."

"Sijauliza kama imefungwa, msomi. Hata sumu hufungwa."

Wenzake wakacheka. Kwetu muuzaji hunywa funda la kwanza mbele ya mteja, na chupa zangu zilikuwa zimeliondoa funda hilo. Shangazi hakunilaumu. Aliifungua chupa, akamimina kwenye kibuyu, akanywa kidogo, kisha akampa mzee kwa mikono miwili. Mzee akakaa.

Baadaye nilimbishia Shangazi kwamba funda hilo halitawarudisha wateja, kwani hata jirani huonja.

"Haonji yeye," akasema. "Humwambia mhudumu aonje."

Nilizibandua lebo zilizobaki. Wateja hawakurudi wote, maana viti vya plastiki vinapumzisha mgongo kuliko mabenchi yetu. Lakini waliorudi, hata wakiwa na kiu, humsubiri Shangazi atoke jikoni.