Mstari wa Njano

Mama mkwe wangu aliiosha treni kwa sababu ilikuwa chafu. Mpaka leo siwezi kumlaumu. Hata mimi niliyeelezwa mara nyingi sikuelewa vizuri mtu mzima anakaaje mezani kutwa nzima akikichafua kitu kipya.

Ilikuwa Durban, mwaka 2008, miezi ya baridi iliyofuata zile fujo za kuwatimua wageni. Sisi tumetoka Burundi. Mume wangu alikuwa mpiga rangi katika gereji ya malori huko Clairwood, na sifa yake ilikuwa mistari. Ile mirefu inayopita ubavuni mwa lori, kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, aliipiga kwa mkono mtupu, bila kubandika utepe. Jioni moja akiwa njiani kurudi, vijana walimsimamisha, wakamwonyesha kiwiko na kumtaka akitaje kwa Kizulu. Akakosea. Walimshambulia kwa bomba la chuma, akaukinga uso kwa mkono wa kulia, nao ukavunjika karibu na kiganja.

Plasta ilipotolewa, mkono ukawa unatetemeka. Chai ilimmwagikia kabla kikombe hakijafika mdomoni, hivyo akaanza kunywea jikoni, ametupa mgongo. Nilijifanya sioni. Mimi nilikuwa nasuka watu nywele kwenye baraza ya fleti yetu, mtaa wa Overport, na kusuka peke yake hakukutosha kutulisha sisi, watoto na mama yake. Lakini njaa haikunitisha kama ukimya wake. Mwanaume yule mcheshi alikuwa ameacha kuongea, nami nilikuwa na hofu juu yake kuliko siku ile alipoletwa akivuja damu.

Bosi wake alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapa hapa, mkazi wa Queensburgh. Kwake, chumba cha kuwekea gari hakina gari. Kina meza kubwa yenye reli ndogo, vituo, madaraja na miti ya sponji. Siku moja alimpa mume wangu boksi lenye kichwa cha treni ya dizeli, cha kuchezea lakini si cha watoto, kirefu kidogo kuliko kiganja, plastiki tupu ya kijivu.

"Amesema niipake nyekundu ya udongo, na mustari wa njano," mume wangu alitueleza. "Kisha niizeeshe, ifanane na zile zinavuta makontena pale harbour. Nikiirudisha, mukono ikikuwa sharp, Monday yenye inafuata narudi kazini."

"Kuizeesha ni kufanya nini?" mama yake akauliza.

"Kuichafua, Mama."

"Eish! Mutu muzima anakutuma kuchafua?"

Siku za kupaka rangi alitufukuza sote mezani, akidai vumbi letu litanasa. Kwa hiyo sikuuona mstari ukipigwa. Niliporuhusiwa kusogea tena, uchafu ulikuwa umeshaanza. Alisaga chaki za rangi mpaka zikawa unga laini. Juu ya paa, panapotokea moshi, alidonoa weusi kwa brashi, mzito karibu na bomba na ukififia kuelekea nyuma. Magurudumu aliyapa kutu. Chini ya tangi la mafuta akaweka madoa ya dizeli iliyomwagika. Alichanganya rangi ya maji, nyepesi kama chai ya jana, akaipitisha ubavuni na kuifuta kwa pamba kutoka juu kwenda chini, maana, alisema, mvua haipandi. Vishikio vya dereva kupandia alivikunja kwa waya mwembamba, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia.

Na alikuwa anaongea! Alinieleza kwamba masizi si meusi kabisa, yana ukahawia ndani. Alinieleza kwa nini kutu huanzia kwenye maungio. Ningemsikiliza akinieleza hata habari za misumari, jinsi nilivyofurahi. Niliutazama mkono ule ukidonoa, ukidonoa, na sikuona ukitetemeka. Jumapili nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda kwamba Mungu ameuponya mkono wa mume wangu. Watu wakapiga vigelegele. Yeye aliinama akitazama viatu vyake, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Ilibaki vanishi tu, ile isiyong'aa, ya kuushika uchafu usitoke. Lakini mvua ilinyesha wiki nzima, na vanishi haipulizwi kukiwa na unyevu. Jumamosi jua lilipotoka, akaenda mjini kununua kopo. Mimi nilikuwa barazani, kichwa cha mteja katikati ya magoti yangu. Nikasikia maji yakifunguliwa jikoni, wala sikujali.

Nyumbani kwetu kuna sheria ambayo hakuna anayehitaji kuifundisha: sahani ya jirani hairudi chafu, wala hairudi tupu. Mama mkwe alijua kwamba treni ni ya bosi na kwamba inarudi siku hiyo; ile habari ya kuichafua aliichukulia kama mzaha. Basi aliisugua kwa sabuni ya vyombo na mswaki, akaikausha kwa kitenge chake, akailaza ndani ya boksi, na pembeni yake akapanga mandazi ya moto aliyoyafunga kwenye karatasi. Kisha akaniita, uso umemchangamka.

"Kuja uone. Kitu ya watu hairudi muchafu. Sisi hatuko watu wa vile."

Nilipiga kelele mpaka mteja akaja mbio, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama. Nilimwambia mama mkwe maneno ambayo mke wa mtu hamwambii mama wa mumewe. Nikaitwaa treni nione kama kumesalia chochote. Masizi yalikuwa yamekwenda na kutu imekwenda. Iliyobaki ni rangi ya mafuta, isiyotoka kwa sabuni: ule mwili mwekundu, na ule mstari wa njano.

Mstari ulikuwa unapanda na kushuka. Ulinenepa kwenye mlango wa dereva, ukakonda, ukakatika kabla ya kufika kwenye taa.

Mama mkwe aliichukua mkononi mwangu, akaisogeza karibu na macho.

"Na huu mustari alipiga nani? Watoto?"

Alinitazama usoni, kisha akavuta kiti akaketi. Mteja alirudi barazani bila kuambiwa.

Mume wangu aliingia na kopo lake la vanishi. Akaiona treni, akatuona sisi. Hakumgombeza mama yake. Alilitua kopo mezani, nalo likagongagonga ubao kabla ya kutulia.

"Basi mumeona," alisema. "Mukono haiyapona."

"Lakini nilisimama kanisani," nikasema, kama mjinga.

"Nilikusikia."

Alikaa, akatueleza taratibu. Uchafu hauhitaji mkono uliotulia. Doa likienda kando, linakuwa doa jingine, na treni inazidi kuzeeka vizuri. Mstari hauna huruma hiyo. Alikuwa ameufunika kwa vumbi na masizi, akiomba bosi apendezwe na uzee asiuchunguze mstari. Kuanzia Jumatatu angetafuta namna nyingine ya kupiga mistari. Namna gani, hakujua. Moyo uliniuma kwa ajili yake, na ukaniuma pia kwa ajili yangu, niliyeshangiliwa kwa muujiza ambao haukuwepo.

Mama yake aliinuka akaenda jikoni. Tukasikia kitu kinakwanguliwa. Alirudi na kisahani cha chai, na ndani yake masizi aliyoyakwangua kwenye jiko la mafuta ya taa. Mwanamke huyu, anayefua hata matambara ya kufutia sakafu, vidole vyake vilikuwa vyeusi hadi kwenye viungo.

"Paka," alimwambia mwanawe, akimsogezea kisahani. "Funika. Mimi sikuona kitu."

Mume wangu alikisukuma kisahani kando. Akamshika mama yake mkono, ule mchafu.

"Hapana, Mama. Lori pale kazini hawaipake masizi."

Akafunga boksi, treni ikiwa safi na mstari wake umepinda, mandazi pembeni, akatoka kwenda kutafuta taxi ya Queensburgh. Niliendelea kusuka. Nilifumua msuko mmoja mara tatu.

Alirudi jioni akatusimulia. Bosi alikula andazi moja akiutazama mstari, kisha akampa kazi ya kupiga msasa malori. Mistari angepiga mtu mwingine. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho, na ndipo alipokwenda kunawa yale masizi vidoleni.