Nguzo Mbili na Bomba Nyuma ya Jiko

Kabla sijaanguka, nilikuwa najitwika ndoo ya maji bila kuomba msaada. Pale kwetu karibu na Khayega, hiyo ndiyo heshima pekee niliyokuwa nayo kwa mama mkwe.

Mvua moja katikati ya miaka ya tisini ililainisha njia ya kisimani. Niliteleza, mfupa ukavunjika karibu na bega. Hospitalini walinifunga mkono kifuani. Kwapa liliwasha, likanuka, ngozi ikabambuka. Nilipofunguliwa, mkono ulikuwa umekonda, haupandi kupita kifua. Kuvaa gauni tu nililia.

"Mfupa umeshika," daktari akasema. "Bega ndilo limekaza. Tafuta kitu cha kushika juu ya kichwa, uning'inie taratibu, miguu ikiwa chini."

Mama mkwe alikuwa na dawa yake. Alimwambia mume wangu, Joshua, nikisikia: "Mrudishe kwao. Huyu ni mgeni wa kuchotewa maji."

Joshua alichukua jembe. Alichimba mashimo mawili nyuma ya jiko, yenye kina cha kufika mapajani, yakiachana upana wa mlango. Akasimamisha nguzo za mkaratusi zenye panda juu, akashindilia mawe na udongo. Kwenye panda akalaza kipande cha bomba la maji, akakifunga kwa mpira wa tairi kisizunguke. Akaning'inia yeye kwanza, kupima.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa juu ya kigoda, nimeshika bomba, mkono mzima ukiinua ule mbovu, jasho na machozi vikinitoka, mama mkwe akaja na panga.

"Muhonja! Unataka kujinyonga kwa boma langu? Mti wa kujinyonga hapa kwetu unakatwanga!"

Akapiga nguzo. Bomba likatetemeka mikononi mwangu.

"Kata, Mama," nikasema. "Lakini ukikata, ndoo ni yako mpaka nife."

Akaniangalia kwa chuki. Akaangalia njia ya kisimani. Akaondoka na panga lake. Alama bado iko.

Mwanzoni nilishika tu, nikikunja magoti kidogo. Bega lilipolegea, nikainua mguu mmoja, baadaye yote miwili. Mwishowe nikaanza kujivuta, kidevu kifike bombani. Majirani walichungulia uani: "Nyani wa msitu wa Buyangu ametoroka!" Nikavuta.

Siku niliyojitwika ndoo mwenyewe, nilipita mbele ya mama mkwe polepole, makusudi.

"Umemwaga," akasema.

Ndugu yangu uliyevunjika, usishike bomba kabla daktari hajakuruhusu. Usilirukie, panda kigoda. Maumivu ya kukaza yavumilie kidogo. Yakichoma kama kisu, achia, upumzike. Kesho utarudi, na bomba litakuwa pale pale.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, na Joshua aliyechimba bila maneno. Mama mkwe naye siku hizi, mavuno yakifika, anatundika mahindi yake kwenye bomba langu.

"Mama, ondoa mahindi," namwambia. "Nataka kujinyonga."

Hacheki. Lakini anayaondoa.